Uzi: Kwa nini treni inalala kwenye kiungo cha moduli ya 6 na ya 7 siku ya maonyesho tu?

#1 Reli_ya_Plaiwudi
Wadau, za jioni. Nina swali limeninyima usingizi tangu Jumamosi.

Klabu yetu ina moduli nane za treni za modeli (vipande vya meza vyenye reli, vinavyounganishwa), kila moja mita 1.2 kwa sentimita 60, skeli ya HO (1:87), reli ya upana wa milimita 16.5. Tunakutana mara moja kwa mwezi kwenye gereji ya mwenzetu huku South B, Nairobi. Pale gereji tunazipanga mstari mmoja, treni inakwenda moduli ya 8 na kurudi ya 1 kutoka saa tatu asubuhi mpaka mwenye nyumba atuzimie taa. Haikwami hata mara moja.

Sasa zibebe moduli hizohizo uzipeleke maonyesho. Asubuhi poa. Ikifika kama saa nane mchana, injini ikikanyaga kiungo cha 6 na 7, inalala. Taa inazima, mabehewa yanagongana matako, watoto wanacheka. Unaigusa kwa kidole inaondoka kama haikuwa na neno. Imetokea maonyesho mawili, kumbi mbili tofauti.

Nimesafisha reli kwa spiriti. Nimebadilisha injini mara tatu. Maonyesho mengine ni wiki tatu zijazo. Nisaidieni kabla sijaichoma moto.

#2 FundiStima_Umoja
Hiyo ni stima, tusizunguke mbuyu. Kontrola, kile kisanduku cha kuendeshea treni, iko moduli ya ngapi? Na waya unaopita chini ya meza ni unene gani?

#3 Reli_ya_Plaiwudi
Kontrola iko ya 1. Waya tulinunua mtaa wa Luthuli, ule mwembamba wa spika, mwekundu na mweusi.

#4 FundiStima_Umoja
Nilijua tu. Waya wa spika wa aina hiyo mara nyingi ni wa milimita mraba 0.5. Shaba ya unene huo ina upinzani wa kama omu 0.034 kwa kila mita. Moduli sita ni mita 7.2. Stima inakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 14.4, karibu omu 0.5. Injini ikivuta ampea 1 umepoteza nusu volti njiani kabla hujahesabu plagi. Na mpaka ufike ya 6 umepita viungo vitano, kila kimoja kina plagi zake. Asubuhi zimekaza, mchana watu wameshagusagusa meza zimelegea. Weka waya wa 1.5, ule wa taa za nyumba, uje unishukuru.

#5 MwalimuWaFizikia
Fundi, hesabu yako ni safi ila umeanza na injini mlafi. Injini ya HO ya siku hizi haifiki hata nusu ampea ikivuta mabehewa matano. Kwa hiyo ni robo volti, kutoka volti 12. Treni itapunguza mwendo kidogo, haitalala. Tena jiulize: ikiguswa kidole inaendelea mpaka ya 8, ambako ni mbali zaidi. Stima inayoisha kwenye 6 inafufukaje kwenye 8?

Mimi nadhani ni joto. Reli za modeli ni aloi ya shaba, nikeli na zinki (wauzaji huiita fedha ya Kijerumani, fedha haimo hata chembe). Aloi hiyo hurefuka karibu milimita 0.017 kwa mita kwa kila nyuzi moja. Ukumbi ukipanda nyuzi 15 kutoka asubuhi hadi saa nane, reli ya mita 1.2 inarefuka milimita 0.3. Mbili zinazotazamana, kila moja ikija upande wa mwenzake, zinaweza kubanana na kuinuka. Je, ukumbi ulikuwa wa mabati?

#6 Reli_ya_Plaiwudi
Wa pili ulikuwa mabati matupu, jasho lilitutoka. Wa kwanza ulikuwa na dari na feni.

#7 RandaNaMsumari
Basi joto limeanguka, Mwalimu. Kumbi mbili, moja baridi, moja tanuri, ugonjwa uleule.

Mimi ni seremala, na nusu ya hizo moduli nimezipiga kwa mkono wangu, ubao nimeutoa soko la Gikomba. Ubao haufuati joto, unafuata maji. Gereji ya South B ina sakafu ya simiti, baridi, unyevu wake ni uleule mwaka mzima. Ukitoa plaiwudi hapo ukaipeleka kwenye ukumbi mkavu, inaanza kujikunja polepole, haikunji saa tatu, inakunja baada ya saa kadhaa. Yaani saa nane. Tena moduli ya 7 ndiyo pekee ambayo SIKUIPIGA mimi. Sitaji jina la mtu, lakini alitumia plaiwudi ya milimita 6 bila mbavu chini.

#8 Kijana_DF8B
Si useme tu ni mimi 😂

#9 Mpwani_Makupa
Treni "inalala"? Huku kwetu mtu ndiye hulala, treni huzimika. Haya endeleeni, nimekaa mkekani nasoma.

#10 Mnyapara_Mstaafu
Vijana, hamjambo. Mimi si wa treni za kuchezea, mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Lakini nilikuwa gengi ya reli miaka 23, upande wa Nakuru kupanda Timboroa, na nimemaliza nikiwa mnyapara.

Huyu wa joto hajakosea kabisa. Reli ya chuma ya mita 12 ikipata nyuzi 30 zaidi hurefuka kama milimita 4. Ndiyo maana tuliacha nafasi kwenye kila kiungo, na fishipleti, vile vyuma vya kuunganisha reli mbili, zilikuwa na matundu mapana kuliko bolti. Ukikaza bila nafasi, mchana reli inajipinda kama nyoka. Siku hizi zinachomelewa ndefu bila kiungo na kubanwa kwa nguvu, hiyo ni elimu nyingine.

Lakini treni ikikosea mahali pamoja kila siku, usiitazame treni. Fanya hivi. Weka ukucha wa kidole cha shahada juu ya reli ya 6, uuvute polepole kuelekea ya 7. Usitazame, fumba macho. Ukucha ukigonga, reli ya 7 iko juu. Halafu uvute kinyume. Ukishuka bila kugonga, umethibitisha. Hukutuambia treni ikirudi inakuwaje.

#11 Reli_ya_Plaiwudi
Shikamoo mzee. Sikuliwaza hilo kabisa. Ikirudi kutoka 8 haisimami. Inapita vizuri. Ni ikienda tu!

#12 RandaNaMsumari
Moduli ya 7 iko juu. Milimita 6 bila mbavu. Nimemaliza, naenda kunywa chai.

#13 FundiStima_Umoja
Hujamaliza. Reli ikiwa juu, injini ingeruka au ingetoka relini. Hapa taa INAZIMA. Taa ikizima ni stima imekatika.

#14 MwalimuWaFizikia
Zinaweza kuwa zote mbili. Gurudumu la mbele likipanda kidaraja, lililo nyuma yake linaning'inia. Injini nyingine huchukua stima kwa magurudumu machache tu, na yale yenye pete za mpira za kuongeza mvuto hayachukui stima hata kidogo. Mawili yaning'inie, mawili yawe ya mpira, umebaki na nini?

#15 Kijana_DF8B
Nunueni injini zenye kapasita ya kuhifadhi stima ndani, inavuka pengo bila kuhisi. Mambo ya 2025 haya.

#16 FundiStima_Umoja
Kijana, hizo ni za mfumo wa kidijitali, ambapo reli ina stima kamili wakati wote na chipu ndani ya injini ndiyo inaamua mwendo. Klabu yenu bado ni ya kizamani, unazungusha kifundo volti zinapanda na kushuka. Ukiweka kapasita hapo, ukizima kontrola treni inaendelea kutembea mpaka ukutani.

#17 MamaPacha
Nimesoma yote. Wanaume wazima mnahesabu omu wakati jibu limesimama mbele yenu likila krispi.

Wanangu wawili wako darasa la nne. Nilikuwa kwenye maonyesho yote mawili. Asubuhi saa tatu ukumbini kuna nyinyi wanachama na mlinzi. Watu wanakuja baada ya chakula cha mchana, ndiyo hiyo saa nane yenu. Meza zenu zina urefu wa mita moja, sawasawa na kifua cha mtoto wa miaka tisa. Anafanya nini? Analalia. Nimewaona kumi wameegemea pale 6 na 7. Kumi! Meza isiyumbe ni ya mawe?

#18 BongoReli
Mama kaupiga mwingi 👏 Salamu kutoka Dar. Klabu nyingi za Ulaya zinazofuata kanuni za Fremo (umoja wa wapenzi wa treni za modeli) huweka reli kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka sakafuni. Pandisheni meza.

#19 MamaPacha
@BongoReli halafu watoto waone nini, miguu ya meza? Maonyesho ni ya nani?

#20 Reli_ya_Plaiwudi
Mama Pacha, swali dogo kwa heshima: kwa nini walalie 6 na 7 na si 2 na 3?

#21 MamaPacha
Kwa sababu ya simba.

#22 Mpwani_Makupa
Simba tena? 😂 Ongeza mkeka.

#23 Kijana_DF8B
Naweza kueleza. Moduli yangu (ya 7) ni stesheni ndogo ya ukambani na behewa la abiria limesimama kando. Nimemweka simba juu ya paa la behewa, kumbukumbu ya yule mzungu aliyeliwa na simba wa Tsavo. Watoto wanampenda.

#24 RandaNaMsumari
Simba mwenyewe ametoka kwenye pakiti ya wanyama wa plastiki. Ana ukubwa wa matatu. Akishuka hapo anameza stesheni na stesheni masta.

#25 Mnyapara_Mstaafu
Kijana, umechanganya mambo mawili. Simba wa Tsavo waliua wajenzi wa reli mwaka 1898, waliuawa mwaka huohuo, na ngozi zao zimejazwa ziko makumbusho ya Field, Chicago. Mzungu unayemsema ni Charles Ryall, afisa wa polisi. Yeye aliuawa Kima, mwaka 1900, akiwa ndani ya behewa usiku, akimvizia simba mwingine kabisa aliyekuwa akisumbua stesheni. Usingizi ulimshinda. Simba aliingia NDANI. Hakukaa juu ya paa kama kondakta. Behewa hilo lipo mpaka leo, makumbusho ya reli hapo Nairobi, nyuma ya stesheni. Nenda ukaliguse.

#26 Kijana_DF8B
Asante mzee, nitamshusha. Lakini nikimweka ndani hataonekana!

#27 Mpita_Njia_254
Swali la mgeni: hiyo klabu inachukua wanachama? Na ni ghali kiasi gani kuanza?

#28 Reli_ya_Plaiwudi
Karibu. Unakuja tu na moduli yako, au unakuja mikono mitupu unasaidia kubeba. Sheria ni chache. Ncha mbili za moduli lazima ziwe na vipimo vilevile: reli katikati, matundu ya bolti za M8 mahali palepale, waya mwekundu reli ya kulia ukitazama kutoka mbele. Katikati hapo ni nchi yako, weka mlima, weka soko, weka Kibera na vibanda vyake kando ya reli. Ghali ni injini. Mandhari unaweza kuyatengeneza kwa vitu vya jikoni.

#29 RandaNaMsumari
Vitu vya jikoni vina hatari yake. Moduli yangu ya 4 ni Limuru. Majani chai niliyatengeneza kwa maranda ya mbao niliyopaka rangi ya kijani, nikayagandisha kwa uji mzito wa unga wa ngano kwa sababu gundi ya mbao ilikuwa imeisha. Ilipendeza, mistari ya chai imenyooka, na mchuma chai mmoja niliyemchonga kwa njiti ya kiberiti, kikapu mgongoni. Nikaifunika gunia. Wiki mbili baadaye nafunua: panya wamekula Limuru yote. Wameacha reli na yule mchuma chai, amesimama peke yake kwenye plaiwudi tupu.

#30 Mpwani_Makupa
😂😂😂 Nimeanguka mkekani. Masikini, amebaki bila kazi.

#31 BongoReli
Kwa mgeni #27: kama unapenda reli mpya ya SGR, HO ni yako. Milimita 16.5 mara 87 ni milimita 1435, upana halisi wa SGR. Injini za Kenya za abiria ni aina ya DF11 na za mizigo DF8B, za Kichina. Rangi tu unapaka mwenyewe. Ila zenu ni za dizeli. Yetu ni ya umeme, Dar hadi Morogoro tangu Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata. Nasema tu.

#32 FundiStima_Umoja
Na umeme ukikatika mnashuka kusukuma? Nauliza tu.

#33 BongoReli
Nilijua litakuja. Wenye treni inayolala moduli ya 6 leo wananiuliza habari za umeme.

#34 Mnyapara_Mstaafu
Mimi naona nyote mnaikimbia reli ya zamani. Reli ya upana wa mita moja ndiyo iliyojenga Nairobi. Ilifika hapa 1899, mji ukafuata, ikafika Kisumu 1901. Kwa nini hamtengenezi hiyo?

#35 Reli_ya_Plaiwudi
Mzee, ni hesabu. Mita moja ukigawa kwa 87 ni milimita 11.5. Ulaya wanauza reli ya milimita 12 kwa ajili ya treni za Uswisi, inakaribia sana. Lakini hakuna kiwanda kinachouza Garratt ya klasi ya 59, ile injini kubwa ya mvuke, dukani kama mkate. Ni kuchonga mwenyewe. Kwa hiyo wengi tunadanganya: injini tumeipaka rangi za zamani, lakini inatembea kwenye reli ya 16.5, ambayo kwa kweli ni upana wa SGR. Anayejua ataona, asiyejua atapiga picha.

#36 Kijana_DF8B
Kuna mmoja klabuni ameanza kuchonga 59 kwa plastiki. Itakuwa ndefu kama rula na zaidi, sentimita 36 hivi. Anataka iwe inapanda Limuru kwa Fundi Randa, panya wakiruhusu.

#37 Mnyapara_Mstaafu
Mwambie asipoteze plastiki. 59 haikuwa ya Limuru. Ile ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, ilihitaji reli nzito, na kazi yake kubwa ilikuwa Mombasa hadi Nairobi. Zilikuwa 34 na zilipewa majina ya milima. 5918 Mount Gelai iko makumbusho, mkasimame kando yake mjue udogo wenu. Huku juu walikuja klasi ya 60, nyepesi kwa ekseli, zilizoitwa kwa majina ya magavana. Achonge 60 apeleke Limuru, au apeleke 59 kwenye moduli ya Kima, ile ya simba. Kima iko njia ya Mombasa.

#38 Kijana_DF8B
Kwa hiyo moduli yangu ndiyo inayostahili 59? Fundi Randa umesikia? Milimita 6 bila mbavu 😎

#39 RandaNaMsumari
Tani 250 juu ya plaiwudi yako. Kima itazama.

#40 MwalimuWaFizikia
Turudi kwenye swali kabla mwenye uzi hajalia. Nimewaza jambo jingine. Mmezibebaje moduli? Kama ni juu ya gari, matuta ya barabarani yanatikisa miguu ya meza na bolti. Kinacholegea njiani hakionekani saa tatu, kinaonekana baada ya kuguswaguswa.

#41 Reli_ya_Plaiwudi
Probox mbili, moduli nne kila moja, zimesimamishwa wima na blanketi katikati. Kutoka South B hadi ukumbi wa pili nilihesabu matuta 19, kisha nikaacha kuhesabu. Ya 7 hukaa nyuma kabisa, mlangoni, inapigwa kuliko zote.

#42 FundiStima_Umoja
HALELUYA. Plagi ya 7. Nasema tangu #4.

#43 RandaNaMsumari
Ubao wa 7. Nasema tangu #7.

#44 MamaPacha
Watoto. Nasema tangu kuzaliwa kwao.

#45 Mpita_Njia_254
Mimi nasema ni mwinuko. Nairobi iko juu sana, hewa nyepesi, mota haipoi vizuri ndiyo inachoka mchana.

#46 MwalimuWaFizikia
Ndugu mgeni, gereji ya South B iko pwani? Ni Nairobi hiyohiyo.

#47 Mpita_Njia_254
Sawa nimekubali 😅 nilitaka nami nichangie.

#48 Mnyapara_Mstaafu
Mwanzilishi, fanya majaribio, maneno hayavuti treni. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja hutajua kipi kilikuponya. Chukua pimamaji, uweke juu ya reli palepale kiungoni, uandike asubuhi na saa nane. Kwa nafasi ya kiungo, tumia kadi ya benki, ile ya plastiki. Unene wake ni milimita 0.76. Isipoingia, nafasi ni finyu. Ikiingia inacheza, ni pana mno.

#49 BongoReli
Au acheni reli kukutana ukingoni. Kuna wanaoikata reli sentimita kadhaa kabla ya ukingo wa moduli kila upande, halafu wakishaunganisha meza wanapachika kipande kifupi cha reli kinachovuka kiungo. Mtindo wa moduli wa NTRAK huko Marekani ulianza hivyo. Meza ikiyumba, kipande kinafuata.

#50 RandaNaMsumari
Na vipande hivyo vinapotea vyote siku ya kwanza. Sisi ndio tunapoteza nati, tutaweza vipande vya reli?

#51 Reli_ya_Plaiwudi
Nimerudi, wadau. Jumamosi tulikutana, na kwa sababu ya #48 tukaamua kufanya maonyesho ya uongo. Tulihamisha kila kitu kwenye ukumbi wa mtaani kwetu, tukaalika majirani na watoto wao. Habari ndiyo hii.

Kwanza ukucha. Asubuhi, kiungo cha 6 na 7, macho yamefumbwa: laini kama kioo. Kadi ya benki iliingia kwa kubana kidogo. Pimamaji ilikuwa katikati.

Kisha nikamhamisha simba kutoka moduli ya 7 nikampeleka ya 3, bila kumwambia mtu. Hayo ndiyo mabadiliko pekee. Waya sikugusa, ubao sikugusa.

Saa nane na dakika kumi treni ikalala. Kiungo cha 2 na 3!

#52 MamaPacha
👑

#53 Reli_ya_Plaiwudi
Subiri Mama. Dakika ishirini baadaye ikalala tena, mara hii 6 na 7, na hapo hakuwepo mtoto hata mmoja. Wote walikuwa kwa simba. Nikapitisha ukucha: uligonga. Kidogo, lakini uligonga. Kadi haikuingia. Na wakati huo mvua ilikuwa imeanza kunyesha, ukumbi umepoa.

#54 RandaNaMsumari
Mvua = unyevu = ubao. Asanteni kwa kunisikiliza.

#55 MwalimuWaFizikia
Umesema ukumbi ulipoa, na kadi haikuingia. Reli ikipoa hufupika, nafasi ingepanuka. Kwa hiyo si reli, naondoa hoja yangu ya #5, angalau kwa siku hiyo. Ubao uliokunywa maji hutanuka. Nalazimika kusimama na seremala, na inaniuma.

#56 FundiStima_Umoja
Ilipolala 6 na 7 uliigusa kwa kidole ikaenda?

#57 Reli_ya_Plaiwudi
Hapana. Mara hiyo niligusa plagi chini ya meza, ikaenda.

#58 FundiStima_Umoja
Sina la kuongeza, Mheshimiwa Jaji.

#59 RandaNaMsumari
Ulipoinama kugusa plagi uliegemea meza. Ubao ukashuka. Ndiyo ikaenda.

#60 Mnyapara_Mstaafu
Huyu kijana hakusikia. Nilimwambia kitu kimoja kwa wakati mmoja.

#61 Reli_ya_Plaiwudi
Samahani mzee, nilipaniki, watu walikuwa wanatazama. Mpango wa maonyesho ni huu: Fundi analeta waya wa 1.5 na plagi mpya. Randa anaweka mbavu mbili chini ya ya 7 na kuipaka vanishi pande zote, juu na chini. Mimi nafunga kamba mbele ya meza, hatua moja kutoka ukingoni.

#62 MwalimuWaFizikia
Yaani unabadilisha vitu vitatu pamoja.

#63 MamaPacha
Na kamba wanangu wataipita chini. Nawajua.

#64 Reli_ya_Plaiwudi
Jambo la mwisho. Tulipokuwa tunapakia, klampu moja ya Randa haikuonekana, na simba hayupo. Aliyeondoka naye amrudishe tafadhali, hakuna maswali.

#65 Kijana_DF8B
Jamani simba wangu 😭

#66 MamaPacha
Nimempata sasa hivi nikifua, mfukoni mwa kaptula ya sare. Mkia umekatika. Klampu sijaiona.